Trela la Edinah na Kitanda cha Mtu Mmoja

Edinah Gesare hakuwahi kukosa usingizi maishani mwake. Alichokosa ni mahali pa kuuweka.

Alikuwa muuzaji wa sufuria, beseni na chupa za chai. Kibanda chake kilikuwa Migori mjini, lakini riziki yenyewe ilikuwa ziwani: Muhuru Bay, Kisegi, na mara mojamoja Mbita hadi ng'ambo Rusinga. Wanawake wa samaki humaliza sufuria haraka kuliko watu wowote duniani, na Edinah aliwapenda kwa sababu hiyo. Kila Jumatatu alipakia Land Rover yake kuukuu, aliyoinunua kwenye mnada, akashika njia. Kila Ijumaa alirudi kabla jua halijatua, maana alikuwa Msabato, tena wa kuaminika. Kuendesha gari alijifunza akiwa na miaka arobaini na tano, katika uwanja wa mpira wa shule ya jirani, na siku hiyo magoli yote mawili yalilala chini. Alilipia mbao, akaendelea na masomo.

Sasa kulala. Muhuru alikuwa akilala katika lojing'i ambayo kuta zake hazikufika juu, kwa hiyo ukipanga chumba kimoja unasikiliza maisha ya vyumba sita. Kunguni wa pale walikuwa wakaazi wa kudumu, wageni ni sisi. Kisegi alilala kwenye kibaraza cha mashine ya kusaga, akaamka mweupe kwa unga kama aliyeandaliwa kukaangwa. Usiku ambao pote pamejaa alijikunja ndani ya Land Rover juu ya sufuria, na asubuhi alikuwa na alama za mishikio mgongoni.

Utasema basi angalau nyumbani alipumzika. Nyumbani! Nyumba yao ya Oruba, pembeni mwa Migori, ilikuwa ya mumewe, Mwalimu Machuki, au ndivyo Machuki alivyoamini, ingawa kila bati la paa lile lilitokana na sufuria. Machuki alikuwa amestaafu ualimu akawa mzee wa kanisa. Tusimwonee, alikuwa mtu mwema. Hakunywa, hakupiga, hakupaza sauti. Alikuwa na kasoro moja tu: aliingia. Aliingia chumba chochote, saa yoyote, bila hodi, kwa sababu nyumba ni yake na mtu hapigi hodi kwake. Watoto, kuanzia Monari, mkubwa wao, wakajifunza hivyo, mawifi wakajifunza, na mwishowe hata kuku. Edinah akioga, mtu anaingia kutafuta sabuni ileile. Akipiga magoti kuomba, mtu anauliza chumvi iko wapi. Miaka thelathini hakuwahi kufunga mlango akabaki upande wake peke yake.

Basi mwaka mmoja kabla ya mvua za El Nino, kwenye ule udongo mweusi wa njia ya Muhuru, akawakuta wazungu wawili, mume na mke, wamezama wakitokea Tanzania. Gari lao lilikuwa tumboni mwa tope. Nyuma yake walikokota kitu cha ajabu, kitrela cha bati kilichochongoka nyuma na kuvimba mbele, kama tone linalotaka kudondoka kutoka mdomo wa mfereji. Edinah akawavuta kwa Land Rover yake, na yule mama kwa shukrani akasema atampikia chai. Akazunguka nyuma ya kitrela, akakishika matako, akayainua juu. Ndani mlikuwa na jiko! Jiko la gesi, rafu, vikombe vimetulia. Halafu akafungua mlango mdogo ubavuni, na Edinah akaona kitanda kimetandikwa, neti, kidirisha na pazia lake.

Chai aliinywa bila kujua ladha yake. Aliporudi Migori hakuteremsha hata mizigo. Alikwenda moja kwa moja kwa Javan.

Javan alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, Mjaluo wa palepale Migori, hodari wa mikokoteni na mageti, na mwenye moyo wa kupamba kila kitu kinachopita mikononi mwake. Edinah akamchorea lile tone kwa chaki kwenye sakafu. Javan akalizunguka mara mbili.

"Yawa, Mama Monari, hii ni kitu ya maana," akasema. "Nipee mwezi moja. Tutaweka honi mbili, moja ya kulia moja ya kuitikia. Hapa mbele simba. Hapa nyuma taa nyekundu zinatembea."

"Taa zitembee ziende wapi? Mimi nataka kulala, Javan, sitaki harusi."

"Na spika ya nje?"

"Ya nini?"

"Kutangaza sufuria."

Hapo Edinah alisita, maana alikuwa mfanyabiashara. Kisha akatikisa kichwa. Trela alilolitaka alikuwa amelijenga kichwani kuanzia Muhuru hadi Migori, na kila kitu kilikuwa na sababu. Kwanza liinuliwe, mawe ya Kisegi yapite chini bila kusalimiana nalo. Springi zitoke kwa Land Rover iliyokufa, zisiwe za mkokoteni. Magurudumu yalingane na ya gari lake, ili tairi moja ya akiba iwahudumie wote wawili. Chuma cha kukokotea kizunguke, trela likilala upande lisiibebe Land Rover nayo. Mlango uwe na mpira pande zote kuzuia vumbi na wale vijidudu wa ziwani wanaopanda kama moshi na kuingia hadi kwenye dua. Dirisha kila upande, wavu mwembamba, turubai la kuvutwa nje lifanye kivuli. Na komeo. Komeo la ndani.

"Hiyo komeo tuweke nje, ukienda soko unafunga," Javan akashauri.

"Nje weka kufuli. Ndani weka komeo. Kubwa."

Simba Edinah alimkataa mara tatu. Mara ya nne alichoka, wakapatana awe mdogo na achorwe upande usioonekana kanisani.

Ikabaki kitanda. Javan akachuchumaa na futi yake. "Tuseme futi nne na nusu, Mwalimu naye apate pa kugeuka?"

"Tatu."

"Tatu ni ya mtu moja, mama."

"Mtu mmoja ni mimi."

"Na Mwalimu?"

"Mwalimu ana kitanda chake, tena kikubwa. Andika tatu."

Javan akaandika tatu. Urefu akaupima kwa Edinah mwenyewe, na Edinah hakuwa mrefu.

Bawaba, wavu na mpira wa mlango alivinunua kwa Asli. Asli alikuwa Msomali wa Wajir aliyekuwa na duka kubwa la vifaa vya ujenzi pale mjini pamoja na mumewe, Issack. Issack alikaa mbele akisalimia wateja. Asli alikaa nyuma akijua kila msumari ulipo. Edinah alipomaliza kununua, Asli akamwuliza jiko ni la aina gani.

"Sijaamua kama nitaweka," Edinah akasema. "Chai naweza kununua."

"Nyumba bila jiko ni kabati, Mama Monari. Wewe unataka kulala ndani ya kabati?"

"Hiyo si nyumba, dada. Ni trela."

Asli akacheka mpaka akashika kaunta. "Wallahi, mama yangu alikuwa na nyumba ya kuhama. Miti, mikeka, ngozi. Anaikunja asubuhi, anapakia ngamia, jioni anaisimamisha mwenyewe. Kwetu hiyo nyumba ni ya mwanamke. Baba yangu alikuwa na ngamia wengi na sauti kubwa, lakini nyumba ilikuwa ya mama. Wakigombana, baba analala na ngamia."

Edinah alisimama na bawaba mkononi. Kitu kilimgusa mahali ambapo hakujua panauma. Akanunua stovu ya mafuta taa yenye ndimi mbili, akarudi kwa Javan, akamwambia aifungie nyuma kwa boliti nne, na rafu ya sufuria iwe chini yake.

Hilo ndilo lilikuwa kosa, na haliwezi kufanywa na mzungu.

Trela lilipoletwa Oruba likiwa limepakwa rangi ya samawati, mtaa mzima ulikuja. Watu walipiga matairi mateke, kama inavyotakiwa. Watoto waliingia kwa mlango, wakatoka kwa dirisha. Dolphine, wifi yake Edinah, dada mkubwa wa Machuki na kiongozi wa akina mama wa Dorcas, kikundi cha huduma kanisani, alikagua neti akaisifu. Kila mtu alifurahi. Ndipo Edinah, kwa kutaka sifa kidogo, akazunguka nyuma, akainua mlango wa jiko, akawasha stovu, akateleka chai ya wageni.

Watu wote wakarudi nyuma hatua moja.

Maana kwa Wakisii kama Edinah na Machuki, na Wajaluo na Wakuria waliokuwepo hawakubisha, sanduku ni sanduku na kitanda ni kitanda. Lakini weka kitanda, mlango na mahali pa moto pamoja, hiyo tayari ni nyumba, hata ikiwa na magurudumu na simba. Nyumba mume humjengea mke. Mke akiwasha moto wake katika nyumba ambayo mumewe hakuijenga, huyo amehama, hata kama amehamia hatua kumi kutoka mlangoni. Na Edinah alikuwa amewasha moto huo mbele ya mashahidi na kugawa vikombe.

"Mama Monari," Dolphine akasema polepole, "kumbe umetuita kuaga?"

"Kuaga nini? Kunywa chai!"

Dolphine hakunywa. Machuki alitoka nyumbani na miwani yake, akainama mlangoni pa trela, akaangalia ndani. Akanyoosha mkono wake mrefu wa ubaoni, akapima kitanda kwa shubiri, upande hadi upande. Zilitosha nne. Akapima urefu pia, akafika mwisho upesi kuliko alivyotarajia. Akakunja vidole, akarudi ndani.

Laiti angegombana. Edinah alijua kugombana, alikuwa na sauti ya soko. Lakini Machuki alinyamaza siku zile zote, kwa adabu, kama mtu anayehudhuria matanga yake mwenyewe. Alimshukuru kwa chakula. Alimwita "Mama" kwa upole uliokera. Kanisani watu wakaanza kunong'ona kama mzee ambaye mkewe amehamia uani anafaa kushika biblia mbele ya watu. Dolphine akaandaa ziara ya maombi. Akina mama wa Dorcas wakaja na mkate, wakaimba nyimbo tatu wakiwa wamelizunguka trela, na mmoja alimkazia macho simba mpaka Edinah akamwonea simba huruma.

Jumapili moja Edinah alichukua spana. Boliti zilikuwa nne tu. Jiko likitoka, nyumba inarudi kuwa sanduku, mume anarudi kuwa na maneno, na wifi anarudi kuwa na njaa. Alichuchumaa nyuma ya trela, akashika boliti ya kwanza. Mkono ukakataa. Akaona uchungu, uchungu hasa. Alimpenda Machuki. Hakutaka kumwacha Machuki, angemwacha aende wapi, nani angemchekesha kwa kulala kanisani huku macho yakiwa wazi? Alichotaka ni mlango mmoja duniani ambao mtu akitaka kuupita atamwuliza yeye. Na kama huo ndio unaitwa kuhama, basi lugha ndiyo ina kasoro. Akairudisha spana mahali pake, akafunga trela nyuma ya Land Rover. Jumatatu akaondoka.

Alilala wiki nzima Muhuru kama aliyelipwa kulala. Mawe yalipita chini, vumbi likabaki nje. Wanawake wa omena, wale dagaa wa ziwani, walikuja kupika kwenye jiko lake, wakaondoka na sufuria mpya. Lakini Alhamisi akamtuma dereva wa lori la samaki amfikishie Mwalimu salamu: wiki hii Mama Monari hatarudi, atasabatia hukohuko. Aliirudia mara mbili, dereva asije akaikosea. Hakuwa amewahi kukosa Ijumaa hata moja.

Ijumaa mchana alipika cha Sabato mapema, maharage na wali, akavifunika. Akaingia ndani, akalala chali, akatazama dari. Alikuwa amelitegesha trela karibu na kanisa lao la pale, juu kidogo ya mahali omena inapoanikwa. Lori la barafu likaja likisimama na kulia. Akachungulia kwenye pazia.

Machuki alikuwa akiteremka kutoka juu ya masanduku ya barafu. Alikuwa amevaa suti yake ya Sabato, tai imefungwa, suruali imelowa matakoni, na mto wake wa kulalia kwapani. Alinuka samaki, mbuta hasa, kutoka mbali. Wanawake wa omena wakaacha kugeuza omena.

Akaja mpaka trela. Akalizunguka. Akamwangalia simba kwa muda, na simba akamwangalia. Akarudi mlangoni.

Ndani, Edinah alitazama kitasa. Komeo lile kubwa hakuwa amelifunga. Lilikuwa juu ya kichwa chake, na mkono wake ungeweza kulifikia, lakini hakulifikia. Alijisemea kimoyomoyo, na hakuwa anatania: akifungua tu akaingia, kama anavyoingia kokote, hii ni nyumba yake kama ile nyingine, na mimi nitaliuza trela Jumatatu kwa bei yoyote, na nitarudi kulala juu ya sufuria. Moyo ulikuwa ukimpiga hata godoro likasikia.

Kitasa kikasogea kidogo. Mkono wa Machuki ulikuwa umekishika. Kisha kikarudi kilipokuwa.

Akakohoa. Akakohoa tena, kikohozi cha kuitisha darasa. Halafu, kwa sauti ambayo Edinah hakuwahi kuisikia katika miaka thelathini, sauti ya mtu mgeni mahali, akasema:

"Hodi."

Edinah aliinuka, akaketi. Akanyoosha shuka.

"Hodi hapa, Mama Monari."

"Nani?" Edinah akauliza. Nje wanawake wakaangua kicheko, na mmoja akapiga vigelegele kabla ya wakati wake.

"Ni mimi. Machuki. Baba Monari."

"Unasemaje, Baba Monari?"

"Nimekuja kuuliza kama kuna nafasi."

"Ni futi tatu."

"Najua. Nilipima."

Edinah akamsikia akihamisha mto kutoka kwapa hili kwenda lile. "Nitalala ubavu," Machuki akasema.

Edinah alijifuta macho kwa pazia. Alikaa kidogo, si kwa kiburi, bali kwa sababu hakuwahi kuwa na dakika hiyo na alitaka kujua ina ladha gani. Kisha akasukuma mlango.

"Karibu," akasema. "Vua viatu. Na hiyo koti iache nje, inanuka."

Walikula cha Sabato chini ya turubai, jua likizama. Kuhusu kulala, futi tatu ziliwatosha wawili kwa njia ambayo mzee wa kanisa asingependa niieleze. Urefu ndio ulileta shida. Ikabidi waondoe ubao wa rafu ya sufuria, miguu ya Mwalimu ikapita chini ya stovu, na mlango wa jiko ukaachwa wazi. Alfajiri waumini wa Muhuru waliofika mapema walikuta nyuma ya trela nyayo mbili kubwa katika soksi za Sabato, na korongo wa ufukweni amesimama mbele yake akizikagua kwa kichwa cha upara. Aliamua haziliki, akaondoka.

Wiki iliyofuata trela lilirudi kwa Javan. Javan, aliyekwisha kusikia yote, maana mji mzima ulikuwa umesikia, alitoa futi yake kwa furaha.

"Sasa tunaipanua, mama? Nne na nusu?"

"Ibaki tatu," Edinah akasema. "Nitengenezee kisanduku cha miguu, hapo chini ya stovu. Kiwe na kifuniko cha kufunga na kufungua. Kuna siku nitakuwa na mgeni, na kuna siku sitakuwa naye."

Javan akakitengeneza, na bila kuulizwa akakipaka rangi nyekundu.

Sabato hiyo, nje ya kanisa la Migori, Dolphine alimkamata kaka yake mbele ya akina mama wote wa Dorcas. Alikuwa amevumilia vya kutosha. Alitaka lisemwe wazi, mbele ya watu, lile dude lenye jiko ni nyumba ya nani.

Machuki akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, akaivaa tena.

"Ni nyumba ya Edinah," akasema. "Mimi huwa napiga hodi."

Kisha akaenda kumfungulia mkewe mlango wa Land Rover, maana huo nao alikuwa ameanza kujifunza.